Kwa Aliyekwisha Kung'oa Injini

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa mtu mmoja, ingawa wengine mnakaribishwa kukaa naye. Huyu ni fundi, au mwanafunzi wa ufundi, aliyekwisha kung'oa injini kwenye Starlet au Vitz iliyochoka. Ametoa tangi la mafuta, ametoa bomba la moshi, amepata mota ya umeme na kontrola yake, na sasa gari limekaa uani juu ya matofali likisubiri betri. Hapo ndipo magari mengi ya kujengea nyumbani yanapokwama. Mota hutafutwa ikapatikana, na chuma tunajua kukichomelea. Betri ndiyo inayomeza fedha, ndiyo inayoamua gari litafika wapi, na ikichaguliwa vibaya inaweza kuunguza nyumba.

Wapo watu wetu waliotangulia. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walitoa Kiira EV, gari la viti viwili lenye betri za lithiamu. Machi 2022 mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya aliwaonyesha watu wa Dar es Salaam gari la umeme alilolitengeneza hapa hapa mjini. Kigali kuna madereva wa pikipiki wanaoingia kituoni na betri iliyokwisha wakatoka na iliyojaa. Kwa hiyo hatujadili tena kama inawezekana. Tunajadili kilichomo ndani ya boksi.

Mimi nina upande, na nausema mapema ili unisikilize ukijua. Anayejenga gari lake mwenyewe katika nchi zetu za joto anunue seli mpya za lithiamu, za aina inayotumia chuma na fosfati, ile ambayo wauzaji huiandika LFP. Kama fedha hazijatosha, gari likae juu ya matofali mpaka zitoshe. Najua ni neno gumu kwa mtu mwenye hamu. Naomba tufanye hesabu pamoja.

Tuanzie kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa sababu kila mwenye nyumba anaifahamu. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja. Gari dogo lililogeuzwa, likiwa na watu wawili na likienda mwendo wa mjini, hula kati ya uniti 12 na 15 kwa kilomita 100. Tuchukue 15 tusijidanganye. Ukitaka kutoka Mbagala kwenda Posta na kurudi, katikati upitie Kariakoo, kisha ubaki na akiba ya kumkimbiza mgonjwa usiku, jipangie kilomita 60. Hizo ni uniti 9, na lazima ziwe uniti 9 zinazofika kwenye magurudumu, siku ya kwanza na siku ya mia tano.

Ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni huu: nunua betri kumi za risasi za N100, zifunge mfululizo upate volti 120, safari ianze. Karatasi inaukubali. Volti 12 mara ampea-saa 100 mara betri kumi, unapata uniti 12. Zinatosha na kuzidi.

Namba ile iliyoandikwa ubavuni mwa betri ya risasi, hata hivyo, imepimwa kwa kuinyonya betri polepole kwa saa 20, yaani ampea 5 tu. Gari lako likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa linavuta ampea 75 hadi 80, na likipanda mlima au likiondoka kwenye taa, ampea 200 si ajabu. Mjerumani Wilhelm Peukert alilitolea kanuni jambo hili mwaka 1897: kadiri unavyoivuta betri ya risasi kwa nguvu, ndivyo jumla ya unachokipata inavyopungua. Asidi iliyomo ndani ya vitundu vya bamba huisha kabla asidi ya nje haijapata muda wa kupenya na kuijaza. Kwa mvuto wa gari, zile ampea-saa 100 huwa 55 au 60. Uniti 12 zimeshuka hadi 7. Ukizikamua zote 7 kila siku unaiua betri, kwa kuwa sulfeti ya risasi inaganda kwenye bamba na haiyeyuki tena. Fundi anayejali ataishia kwenye uniti 5. Kilomita 33. Mbagala unafika Posta, kurudi ni kwa bahati.

Na bado hatujauliza N100 ni betri ya namna gani. Ni betri ya kuwashia injini. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha alternata iirudishie ilichotoa. Ukiimaliza kila siku na kuichaji kila usiku, bamba zinapukutika ndani ya miezi michache, na muuzaji hatakosa neno la kukujibu: hukuitumia kwa kazi yake. Zipo betri za risasi zilizotengenezwa kwa kazi ya kuzama, za magari ya uwanja wa gofu na za mashine za kunyanyulia mizigo ghalani. Bamba zake ni nene, na ukizitunza zinaweza kukupa mizunguko 300 hadi 500. Kama hali inakulazimisha kuanza na risasi, tafuta hizo.

Siidharau risasi. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza betri hii mwaka 1859, na ingali inawasha magari yetu asubuhi. Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la betri za risasi likapita kilomita 100 kwa saa, gari la kwanza la barabarani kufika mwendo huo, wakati petroli bado inajikongoja. Hata General Motors walipoanza kuyakodisha magari yao ya EV1 mwaka 1996 waliyawekea risasi. Nguvu ya ghafla risasi inayo. Upungufu wake uko kwenye akiba na umri, na joto letu linazidisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi juu ya 25 zinakata umri wa betri ya risasi kwa nusu. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi wa Januari, gari limeegeshwa juani, boksi la betri liko pale ilipokuwa injini.

Uzito nao. N100 moja ina kilo 25 au zaidi, kumi ni kilo 250 na ushee. Kwa Vitz hao ni abiria wanne ambao hawashuki kamwe. Na ukitaka zile kilomita 60 kamili itabidi uongeze betri karibu mara mbili, hapo springi zinalala, breki zinazidiwa, na gari lenyewe linaanza kula uniti nyingi kuliko tulizozihesabu.

Weka sasa seli za LFP kwenye mizani hiyo hiyo. Seli moja ya ampea-saa 100 ina volti 3.2 na uzito wa kilo 2 hivi. Ukifunga 36 mfululizo unapata volti 115 na uniti 11 na nusu. Tumia asilimia 80 peke yake, uniti 9 zako hizo hapo. Mvuto wa ampea 80 hauzibughudhi sana. Zote pamoja na boksi na vipande vya shaba vya kuunganishia hazifiki kilo 100. Umri wake, kwa seli nzuri isiyoteswa, ni mizunguko 2,000 na kuendelea. Nyingi zinapita 3,000.

Ndipo tunafika kwenye bei. Pakiti ya risasi ya kazi ya kuzama, uniti 5 kwa mzunguko, mizunguko 400, itakuwa imekutolea uniti 2,000 maishani mwake. Pakiti ya LFP, uniti 9 kwa mzunguko, mizunguko 2,500, itakuwa imekutolea 22,500. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Hata ukiambiwa dukani kwamba lithiamu ni mara tatu au mara nne ya bei ya risasi, kila kilomita utakayoiendesha kwa risasi itakuwa imekugharimu zaidi. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi na betri ya bei rahisi, kwa sababu atainunua tena, na tena, kila mara akiwa ameishiwa. Hili linaniuma, maana ndiye huyo huyo anayeshauriwa aanze na risasi kwa kuwa "ndiyo saizi yake".

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo ni betri inakwenda wapi ikifa. Betri ya risasi haitupwi, ina mnunuzi. Anayepita na mkokoteni wa vyuma chakavu ataichukua na kukupa chochote. Baada ya hapo inavunjwa, asidi inamwagwa, bamba zinayeyushwa. Kiwanda chenye chujio na mifereji yake kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa usalama. Kisicho navyo, tunajua kinavyofanya, kwa sababu kulitokea Mombasa.

Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza kazi mwaka 2007. Moshi ulishuka juu ya mabati ya watu, na maji machafu yakapita walikopita watoto. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Aliacha kazi akaanza kupaza sauti, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata yeye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama kwa miaka baada ya hapo. Wakati huo watoto wanakua, na risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto, madhara yake hayaondolewi na hukumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba petroli yenye risasi imekwisha duniani. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuiuza. Ilichukua karibu miaka mia kuitoa risasi kwenye gari kupitia bomba la moshi. Mimi sitaki kumwona kijana mwenye nia njema, anayejenga gari ili mtaa wake upumue, akiirudisha kwa kilo 250 kila baada ya mwaka na nusu.

Tuendelee na zile nyingine utakazoonyeshwa sokoni, kwa sababu mitego ni mingi.

Siku hizi magari ya haibridi kutoka Japani yamejaa, Prius na Aqua, na yakianza kufa betri zake zinauzwa kwa vipande. Kijana anaona volti 200 anashangilia. Asishangilie. Pakiti ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28 za nikeli, volti 201.6, lakini ampea-saa 6.5 tu. Zidisha: uniti 1.3. Ya Aqua ni volti 144 na haifikishi hata uniti moja kamili. Betri hizi ziliundwa kuisaidia injini, kupokea umeme wa breki na kuurudisha baada ya muda mfupi. Gari lako lingekwenda kilomita 8 au 9 likasimama. Volti nyingi si akiba nyingi. Zidisha kila mara volti kwa ampea-saa kabla hujafungua pochi.

Mtego mwingine ni zile seli ndogo za duara, ukubwa wa kidole gumba, zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu. Ni kweli kwamba Tesla Roadster ya mwaka 2008 ilitembea kwa seli 6,831 za umbo hilo. Waundaji wake walikuwa na mitambo ya kuzichomelea sawasawa, kimiminika cha kuzipoza, na seli mpya zilizotoka kiwandani zikiwa ndugu. Wewe ungehitaji kama 1,500 za mitumba, kila moja na umri wake na historia yake. Na ukikuta zinauzwa mpya zikiwa zimeandikwa miliampea-saa 9900, rudisha mkono mfukoni. Seli bora kabisa za ukubwa huo zinacheza kwenye 3,500. Anayedanganya kwenye ganda atakuwa amedanganya na ndani.

Mtumba ninaouheshimu ni wa Nissan Leaf. Gari hili lilianza kuuzwa Desemba 2010 na pakiti ya uniti 24, na ndani yake mna moduli 48, kila moja na seli nne, volti 7.6, kilo 4 kasoro. Ni vipande safi vya bati, vina skrubu za kufungia, vinapangika vizuri hata ndani ya gari lililoundwa kwa petroli. Ulaya na Marekani wajenzi wengi wa nyumbani wamezitumia. Ukipata Leaf iliyogongwa ubavuni, pakiti ikiwa nzima, una betri ya magari mawili madogo.

Ila ijue tabia yake. Pakiti ya Leaf haina kimiminika wala feni ya kuipoza. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Arizona, kwenye joto kali la jangwani, walianza kulalamika kwamba betri zinanywea mapema kuliko walivyoahidiwa, na kemia ikaja kuboreshwa kwenye matoleo ya baadaye. Pwani yetu haina joto la jangwa, lakini haina baridi pia. Kwa hiyo anza na dashibodi: Leaf ina vijistari 12 pembeni mwa geji vinavyoonyesha afya ya betri, na kila kilichozimika ni uwezo uliokwenda. Usinunue moduli ambazo dashibodi yake hukuiona au ambazo muuzaji hataki uzipime. Kupima ni kuijaza moduli, kuiwekea mzigo unaoujua, na kuhesabu ampea-saa mpaka ifike chini. Ifanyie kila moduli hivyo, hata ikikuchukua mwezi. Seli zilizofungwa mfululizo ni msafara, zote zitatembea kwa mwendo wa anayechechemea. Pakiti iliyolowa mafuriko iache hata ukipewa bure.

Zipo pia pakiti za kemia ya nikeli, manganizi na kobalti, zile za magari mapya yenye kwenda mbali. Kwa kilo moja hubeba akiba kubwa kuliko LFP, na kwa gari la mashindano au la safari ndefu ningeelewa mtu akizitamani. Mimi nina sababu mbili za kumzuia mjenzi wa nyumbani. Ya kwanza ni moto. Seli hizo zikipata joto kupita kiasi, kwa kugongwa, kuchajiwa kupindukia au kushotika, oksidi iliyomo ndani inavunjika na kutoa oksijeni yake yenyewe. Moto unaojitengenezea oksijeni hauzimwi kwa kufunikwa blanketi, na moshi wake ni sumu. Katika LFP oksijeni imeshikwa na fosforasi kwa nguvu, inahitaji joto kubwa zaidi kuachia, na ikiharibika mara nyingi hufoka moshi pasipo kulipuka ghafla. Sisemi haiungui. Inakupa dakika za kuwatoa watoto nje.

Sababu ya pili iko Kolwezi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, huko Katanga, kwa watu wanaozungumza lugha hii ninayokuzungumzia sasa. Migodi mikubwa ipo, na pembeni yake wapo wachimbaji wa mkono wanaoingia mashimoni bila nguzo wala kofia. Amnesty International waliandika mwaka 2016 juu ya watoto wanaookota na kuosha mawe hayo. Siwaambii Wakongo waache kuuza madini yao. Ni haki yao, na wanastahili bei bora na kazi salama. Nasema tu kwamba gari la kwenda Posta na kurudi halihitaji kobalti hata chembe. LFP haina kobalti, haina nikeli. Ni lithiamu kidogo, chuma na fosfati.

Na hii kemia ya watu wa kawaida ilitoka kwa mtu mkubwa. John Goodenough, ambaye mwaka 1980 akiwa Oxford ndiye aliyeleta seli ya kobalti, alikuwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin katika miaka ya 1990 kundi lake lilipoonyesha kwamba chuma na fosfati vinaweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 97, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Betri za sodiamu, zinazotumia madini yaliyomo kwenye chumvi, nazo zinakuja. Wachina wameanza kuziuza. Zikifika kwetu kwa wingi nitazizungumzia.

Basi tuseme umenisikia, umekusanya, seli zako 36 zimefika. Kabla ya kuzifunga zipime. Volti zake zilipotoka boksini zikaribiane sana. Moja ikiwa chini peke yake, kuna kitu. Tazama kama zimevimba, kama vituo vyake vimechomelewa upya, kama alama ya kiwandani imekwanguliwa. Zinazouzwa kwa bei ya kushangaza mara nyingi ni za daraja la pili, au zimekwisha kufanya kazi mahali pengine. Kisha zifunge zote sambamba na uzijaze taratibu mpaka volti 3.65, zikae hapo mpaka zilingane, ndipo uzipange mfululizo. Kazi hii inachosha na haina picha nzuri ya kupiga, na watu huiruka. Pakiti iliyorukiwa hatua hii inakuwa na seli zinazojaa kabla ya wenzake na nyingine zinazokauka kabla ya wenzake, na inakufa mapema ikisingiziwa kuwa mbovu.

Usitembee hata mita mia bila bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS. Kazi yake ni kuiangalia kila seli, na moja ikivuka 3.65 kwenda juu au 2.5 kwenda chini, inakata. Na usiamini volti kukuambia kilichobaki. Kwa risasi unaweza kukisia, ila LFP ikiwa kati ya asilimia 80 na 20 volti zake hazisogei vya kutosha, utaona 3.3, bado 3.3, bado 3.2, halafu gari linazima katikati ya daraja. Weka geji inayohesabu ampea zinazotoka na zinazoingia.

Sasa naomba unisikilize kwa makini zaidi, maana hapa kuna uhai. Kanuni za kimataifa za magari zinahesabu umeme wa mkondo mnyoofu unaozidi volti 60 kuwa wa hatari. Pakiti yako ikijaa ina volti 131, na haina swichi ya kuizima seli yenyewe. Ipo hai tangu unaifunga mpaka siku ya mwisho. Vua pete na saa. Vaa glavu za umeme. Spana zizungushie tepu shina lote, ibaki ncha. Ifunge pakiti kwa mafungu madogo, na katikati uweke kiungo cha kuchomoa, ili unapofanya kazi usiwe na volti zote mbele yako. Na fyuzi na vikatizi viwe vya mkondo mnyoofu kweli. Mafundi wazuri wa majumba wanakosea hapa. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya swichi inapata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti sifuri kamwe. Swichi ya ukutani ukiikatia ampea 80 za betri, cheche itabaki inawaka mpaka swichi iyeyuke.

Boksi liweke juu ya usawa wa ekseli, lifungwe kwenye chasisi kwa bolti, lisibebwe na bodi ya gari. Anayeijua Jangwani ya Dar es Salaam inavyofurika wakati wa masika anajua kwa nini nasema juu. Karibu na bahari, viungo vya shaba vipakwe grisi ya kuzuia kutu na vikaguliwe kila mwezi, kwani kiungo kilicholegea hupata joto, na joto hilo linaingia moja kwa moja ndani ya seli. Gari lichajiwe nje au chini ya paa lililo wazi, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Kama muda huu bado unatumia risasi, hilo ni la lazima zaidi, kwani betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba inatosha kulipuka kwa cheche ya swichi.

Pakiti itafika siku ikashuka hadi asilimia 70 ya uwezo wake, na gari litaanza kuiona Posta mbali. Usiiuze kwa mkokoteni. Kwa nyumba yenye paneli za jua, kwa saluni, kwa zahanati inayohitaji friji ya chanjo, asilimia 70 ya uniti 11 na nusu ni uniti 8, na mvuto wa taa na friji hausumbui seli iliyozeeka. Zinaweza kukaa hapo miaka mingine mingi. Andika tarehe ya kununua na matokeo ya vipimo juu ya kila seli tangu siku ya kwanza, ili atakayeipokea ajue anapokea nini.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitazungumzia chaja: zipi zinafaa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, na nini kinatokea LUKU ikikata usiku gari likiwa katikati ya kujaa.